Mpaka Uliochorwa kwa Maji: Tunduma, Songwe na Kata ya Kunywa

Sisi watu wa visiwani tumeyapa maji majina mengi, na aghalabu ni majina ya bahari. Tuna maji makuu na maji mafu, tuna bamvua, tuna maji kujaa na maji kupwa. Maji ya kunywa tumeyapa jina moja tu: maji baridi. Huitwa hivyo hata yakiwa yametoka katika mtungi uliosahauliwa juani, kwani ubaridi tunaoutaja si wa ngozi, bali ni kinyume cha chumvi. Aliyezungukwa na bahari pande zote hujifunza mapema kwamba wingi wa maji si wingi wa kinywaji, na kwamba kisima kimoja cha maji baridi huweza kuamua mji ujengwe wapi na uhame lini.

Somo hilo limefundishwa pia mbali kabisa na bahari. Tunduma ni mji wa mpakani, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, katika nyanda za juu zenye kimo cha kiasi cha mita 1,600. Ng'ambo ya pili, hatua chache tu, ni Nakonde ya Zambia. Tangu mwaka 2016 mji huu umo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza: Tunduma na sisi wapi na wapi? Jibu ni kwamba tuliandikwa katika karatasi moja. Mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, baina ya Waingereza na Wajerumani, ndio uliomfanya Mjerumani auache mkono wake kwa Zanzibar ili iwe chini ya himaya ya Uingereza, naye akapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Katika karatasi hiyo hiyo, vifungu vichache kabla ya kutajwa kwetu, ndimo ulimochorwa mpaka wa Tunduma. Nao ulichorwa kwa maji.

Kazi ya kufasiri humfundisha mtu kusoma polepole, na maneno ya ibara ile yanastahili kusomwa hivyo. Yanasema kwa muhtasari kwamba mpaka utaanzia mlango wa Mto Songwe katika Ziwa Nyasa, utaupanda mto huo hadi mahali unapolikaribia zaidi bonde la Mto Kongo, kisha utakata moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa bonde hilo na kuufuata kuelekea magharibi. Mfasiri hukwama kwenye neno bonde. Bonde kwetu ni nchi ya chini, penye mpunga na minazi. Bonde la waandishi wa mkataba lilikuwa jambo jingine: ni nchi yote ambayo mvua yake hatimaye humiminika katika mto mmoja, pamoja na milima yake. Ukingo wa bonde la namna hiyo si ufuko. Ni mgongo wa nchi, mahali ambapo tone likianguka huku huenda kwao, na likianguka kule huenda kwa wengine. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulikuwa umekwisha kulitia bonde la Kongo katika sheria za mataifa ya Ulaya, hivyo mwaka 1890 mabwana wale waliona wana mstari tayari. Hawakuhitaji kuuona. Mvua ilikuwa imeuchora.

Basi tuutazame mgongo huo. Mvua inayoanguka kusini mwa Tunduma, upande wa Nakonde, huingia katika vijito vya Mto Chambeshi. Chambeshi huenda kwenye mabwawa ya Bangweulu, hutoka kwa jina la Luapula, huwa Lualaba, kisha huwa Kongo, na baada ya safari ya zaidi ya kilomita 4,000 humwagika katika Bahari ya Atlantiki. Mvua inayoanguka kaskazini mwa mji huteremka kwa njia ya Mto Momba hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto hata mmoja wa kulitoa maji yake. Njia ya kutokea ni mvuke tu. Na mwendo mfupi kuelekea mashariki, mvua huingia katika Mto Songwe, hufika Ziwa Nyasa, hutoka kwa Mto Shire, huungana na Zambezi na kumalizikia katika Bahari ya Hindi, bahari yetu, ile ile inayopiga kuta za Mji Mkongwe. Atlantiki, Rukwa, Hindi: mawingu yale yale, makazi matatu.

Mwaka 1898 tume ya Waingereza na Wajerumani ilipita ikiweka alama za mpaka baina ya Nyasa na Tanganyika, na mwaka 1901 mapatano ya mstari huo yakatiwa saini Berlin. Waliokuwa wakikaa pale hawakuulizwa. Wanyamwanga walijikuta nusu huku nusu kule. Na mashariki zaidi, kando ya Songwe, Wandali na Walambya waligawanywa na mto waliokuwa wakiteka maji pamoja. Kwa mtu wa kijijini mto haujapata kuwa ukuta. Ni njia ya kukutania. Wanawake wa ng'ambo mbili hushuka kwenye maji yale yale, na habari za ndoa na misiba huvuka kabla ya ndoo kujaa. Karatasi ya Berlin iliufanya mto huo kuwa ukingo wa dola.

Tena mto ni mpaka usiotulia. Sehemu ya chini ya Songwe, katika tambarare inayoingia Ziwa Nyasa, hubadili mkondo mafuriko yanapokuja, na mwenye shamba huweza kulala Tanzania akaamka mto umempitia nyuma. Serikali za Tanzania na Malawi zimekuwa na mpango wa pamoja wa kuzituliza kingo zake na kulitumia bonde lake, na mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo. Ziwa lenyewe bado lina mgogoro: Malawi hushikilia kwamba mkataba wa 1890 uliweka mpaka ufukoni, Tanzania hushikilia kwamba mpaka ni katikati ya maji. Hivyo karatasi iliyoandikwa na watu ambao hawajapata kunywa maji ya huko bado inabishaniwa na wanaoyanywa.

Mji uliokaa juu ya mgongo wa namna hiyo hupata sifa ya ajabu. Hutoa maji kwa pande tatu, nao wenyewe hubaki na kidogo, kwani mito huwa mikubwa kadiri inavyokwenda mbali na chanzo. Kilichopo kileleni ni chemchemi ndogo, vijito vya msimu, na visima. Maji hufuata mkondo, walisema wazee, na mkondo wa Tunduma hutoka, hauingii. Nimeliweka jambo hili katika ubeti mmoja:

Maji yashukayo chini, hayaulizi mpaka,
Yatokayo kigongoni, pande tatu hutoweka,
Wakaao kileleni, ndoo zao zakauka,
Chanzo kipo mlangoni, kinywani hakijafika.

Kabla ya mpaka kuwapo, mtu mmoja mashuhuri aliyafuata maji ya kusini mwa mgongo huu hadi yakamuua. David Livingstone aliondoka Zanzibar mwaka 1866 akitafuta chanzo cha Mto Nili. Alipoivuka nchi ya Chambeshi na kuona maji yakielekea magharibi kisha kaskazini, alijishawishi kwamba Lualaba huenda ukawa ndio Nili wenyewe. Kumbe alikuwa katika vyanzo vya Kongo. Alizunguka katika mabwawa ya Bangweulu kwa miezi mingi, akinywa alichokipata, huku tumbo la kuhara damu likimmaliza, akafa katika kijiji cha Chitambo Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874 na kuvushwa Zanzibar. Ulimwengu uliandika sana juu ya moyo wake uliozikwa Afrika. Machache yaliandikwa juu ya tumbo lake. Wapagazi waliokufa kwa maradhi hayo hayo, bila kuzikwa kwa heshima, hawana hesabu.

Maana njia ya misafara ilikuwa pia njia ya maradhi ya maji, na mtu wa kwanza kuyaonyesha hayo kwa ushahidi mrefu alikaa hapa hapa kisiwani. James Christie alikuwa tabibu Zanzibar wakati kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa 1869. Aliuliza kila nahodha na kila mkuu wa msafara aliyeweza kumpata, na mwaka 1876 akachapisha kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Alionyesha kwamba safari hii ugonjwa haukuja kwa bahari: ulitoka upande wa Bahari ya Shamu, ukapita bara kupitia nchi ya Wamasai, ukatokea Pangani, na kutoka Pangani ukavuka hadi Unguja. Kisha Unguja nayo ikaurudisha bara kwa njia za pembe na watumwa, hata Livingstone akiwa Manyema akazipata habari zake. Tukumbuke kwamba John Snow alikuwa ameonyesha London mwaka 1854 jinsi bomba moja la maji lilivyoua mtaa, lakini wengi walikuwa bado hawajamkubali, na Robert Koch hakukitambulisha kijidudu chenyewe hadi 1884. Christie aliandika kati ya hao wawili, katika mji wenye visima vilivyochimbwa jirani na mashimo ya vyoo. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta mjini maji ya chemchemi za kaskazini kwa mfereji. Katika mengi anayosifiwa, umeme na Beit al-Ajaib, mfereji huo huenda ndio uliookoa roho nyingi zaidi.

Karne moja baadaye misafara ilirudi katika mgongo wa Tunduma ikiwa na magurudumu. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya baharini isiyopita mikononi mwa makaburu na walowezi. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilifunguliwa 1968. Barabara kuu ikatiwa lami. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970, ilifika Tunduma Agosti 1973. Ilikuwa kazi tukufu ya ukombozi, na nchi za kusini zinaijua thamani yake. Hata hivyo msomaji na aone mpangilio wa mambo: bomba la mafuta lilivuka nyanda hizi kwa mamia ya kilomita, likipandishwa vilima kwa mitambo, wakati wanawake wa vijiji lilivyovipita wakipandisha maji kwa vichwa. Elimu ya kupandisha kimiminika mlimani haikukosekana. Kilichotofautiana ni haraka.

Nao mji ukavimba. Malori ya shaba, mafuta na sementi yakapanga foleni. Wabadilisha fedha, mama lishe, nyumba za wageni, vijana wa kila kabila wakaja. Hesabu ya watu ya 2012 iliikuta Tunduma na watu wasiotimia 100,000. Ile ya 2022 iliikuta na zaidi ya 200,000. Oktoba 2019 ilifunguliwa rasmi huduma ya pamoja ya mpakani ya Tunduma na Nakonde, ili msafiri akaguliwe mara moja tu. Lakini mji wa wapitao una udhaifu wake. Anayepita hunywa akaenda; choo alichokiacha hubaki juu ya kisima cha anayekaa. Na kwa kuwa mji uko juu, kinachozama hapa huibukia kwa walio chini, Momba na kwingineko. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya Bara na kuvuka hadi Unguja na Pemba, kwa mara nyingine kikifuata watu na biashara zao, kama Christie alivyoeleza.

Si kwamba taifa halikujaribu. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila Mtanzania apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Mwaka 1973 kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kusoma na kuchimba vyoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la misaada la Denmark, Danida, liligharimia mipango mikuu ya maji ya Iringa, Ruvuma na Mbeya, na Mbeya ya wakati huo ilikuwa ndani yake Songwe ya leo. Katika milima ile ilifaa sana kutumia mabomba ya mserereko: chanzo kilicho juu, kijiji kilicho chini, maji hushuka yenyewe bila injini wala dizeli.

Mwaka 1991 ulifika bila lengo kutimia. Injini zilikufa kwa kukosa vipuri, mabomba yakapasuka, na maji yaliyokuwa ya bure hayakuwa na mtu wa kuyatengeneza. Sera ya 1991, na baadaye ile ya 2002, zikamtaka mwananchi achangie. Sheria ya mwaka 2019 ikaunda wakala wa maji vijijini, RUWASA. Katika historia hii mna jambo la kuzingatia: mita 400 zile zilikuwa kipimo cha umbali, na watu wakazihesabu kwa hatua, lakini usafi wa maji hauhesabiki kwa hatua. Kijiji huweza kufikiwa na bomba likamwaga tope. Na mji ulio kileleni, kama Tunduma, hautumikiwi na mserereko. Kwake maji lazima yapandishwe, na kupandisha ni gharama isiyokoma.

Ni maji gani basi yaliyoko Songwe? Nchi hii ni kama duka lenye kila aina. Yapo ya chemchemi za milimani, Ileje na Mbozi, yanayochujwa na udongo na miamba kabla ya kutokea. Yapo ya visima virefu, yenye chokaa, ambayo hukausha povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe katika birika. Watu huyaita maji magumu na kuyaogopa, ilhali kalisi na magnesi zilizomo si sumu, bali mwili huzihitaji. Yapo ya mvua, laini na matamu, mazuri kama bati na pipa ni safi. Na yapo ya moto: kuna Songwe nyingine, mto wenye jina hilo hilo unaoelekea kaskazini hadi Rukwa, na kandokando yake zimo chemchemi zenye joto la zaidi ya nyuzi 70, zinazojenga miamba ya chokaa kwa kutua kidogo kidogo. Watu huoga humo kwa ajili ya viungo, na joto kweli hulegeza maumivu. Kuyanywa ni jambo jingine. Maji yaliyokaa muda mrefu katika miamba ya volkano mara nyingi hubeba floraidi, na floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kipimo cha Shirika la Afya Duniani, meno ya mtoto huwa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa hupinda. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8, kwa sababu katika sehemu za kaskazini kuyakataa maji hayo kungekuwa kukataa maji yote. Umaskini huingia hata katika vipimo.

Chini zaidi, katika uwanda wa Rukwa, ni Ivuna yenye maji ya chumvi. Hayanyweki, lakini yaliutajirisha uwanda huo: wachimbuaji wa mambo ya kale, ambao matokeo yao yalichapishwa 1968, walikuta mabaki ya kazi ya kuchuja na kuchemsha chumvi iliyofanywa hapo tangu kiasi cha karne ya 13, wakati ambao Kilwa ilikuwa katika fahari yake. Na Ivuna ina ajabu moja zaidi. Tarehe 16 Desemba 1938 kiliangukia hapo kimondo kidogo, cha gramu 705. Si cha chuma kama kile kikubwa cha Mbozi ambacho wageni huenda kukitazama katika mkoa huo huo. Ni cha udongo mweusi, na ndani ya udongo huo maji yamefungamana na madini. Vimondo vya namna hiyo ni vichache mno ulimwenguni, na wanasayansi wamelipa kundi lao zima jina la Ivuna. Vumbi lililoletwa na chombo cha Japani kutoka kwenye sayari ndogo ya Ryugu Desemba 2020 lilipochunguzwa lilionekana kufanana nalo. Wapo wanaochunguza kama sehemu ya maji ya dunia yetu ilikuja kwa vifurushi vya aina hiyo. Basi jina la kijiji cha wachemsha chumvi limekuwa jina la maji ya kale kuliko bahari.

Kwa Rukwa kuna hofu iliyo karibu zaidi. Upande wa kaskazini wa mkoa umo katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, yaliyoanza miaka ya 1920. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuishika dhahabu, na sehemu ya zebaki hiyo huishia mtoni. Mito ya huko huenda Rukwa, na Rukwa, kama tulivyoona, halina pa kutokea. Huko Mbozi nako kahawa huoshwa na kumenywa kwa maji mengi, na maganda yakiachwa kijitoni huoza na kuyanyima maji hewa. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020; karatasi hii, tofauti na ile ya 1890, iliandikwa kwa kuwafikiria wanaokunywa. Iliyobaki ni kuifikisha machimboni.

Ndipo tunafika kwenye kata yenyewe. Faida ya maji kwa afya haina siri. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Ndiyo yanayobeba chakula katika damu, yanayotoa uchafu kwa figo, yanayopoza mwili kwa jasho. Hakuna haja ya kuyaongezea miujiza. Siku hizi huuzwa maji ya chupa yanayosifiwa kuponya hiki na kile, na hata maji ya mfuko, ambayo Dar es Salaam iliyapa jina la kandoro, husifiwa kwa ubaridi wake tu. Chupa nzuri ni ile iliyojazwa maji safi. Sifa iliyoandikwa juu yake haiongezi usafi. Mtu mwenye figo nzima hupata kwa maji ya kawaida, yaliyo safi, karibu yote ambayo maji yanaweza kumpa.

Kazi ni hilo neno safi, kwani uchafu nao una aina, na kila aina ina dawa yake. Vijidudu huuawa na moto. Tunduma, kwa kimo chake, maji huchemka yakiwa na nyuzi kiasi cha 95 badala ya 100, lakini hizo zatosha, maana vijidudu vya tumbo hufa kabla ya hapo. Klorini nayo huviua. Tope hutulizwa na kuchujwa. Lakini floraidi na zebaki hazijui moto: kuyachemsha maji ya namna hiyo ni kuyapunguza na kuyaacha yamekolea zaidi. Kwa hayo dawa ni kubadili chanzo, na hiyo ni kazi ya serikali, si ya sufuria. Tena maji yaliyochemshwa huchafuka tena kwa mkono unaotumbukiza kikombe. Mtungi wa kizamani wenye mdomo mwembamba, na kata yenye mpini mrefu, vilikuwa na hekima ambayo ndoo wazi haina.

Na mtoto akishaharishwa, ni maji hayo hayo yatakayomwokoa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi na maji, vitu viwili ambavyo uwanda na mlima wa Songwe vimebadilishana kwa miaka mingi, hukutana katika kikombe cha mgonjwa. Lakini maji yakiwa machafu, dawa yenyewe hurudisha ugonjwa.

Tarehe 28 Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya binadamu. Ni maneno mema, na karatasi nazo zina nguvu. Tunduma na Zanzibar tunajua, kwani moja ilitupanga upya sote. Kisiwani kwetu visima vya pwani vinaingiwa na chumvi, na kipindupindu kimetupitia mara kadhaa tangu 1978, hata mwaka 2009 ikabidi baadhi ya shehia zipewe chanjo. Kwa hiyo sisi si watazamaji wa mji wa mbali. Mabwana wa 1890 walitazama wapi maji yanakwenda, wakachora mpaka. Swali walilolipita ni la kawaida zaidi, nalo ndilo linalofaa kupimia kila mradi na kila hotuba: maji haya, kabla hayajakwenda popote, yamepita kinywani mwa nani, nayo yalikuwa ya namna gani?